Mabati Yangu Juu ya Nyumba Yako

Ruiru, Jumapili, tarehe nne Oktoba

Okoth,

Leo ni miaka mitano na kitu tangu nitoke nyumbani kukufuata, na miezi saba tangu nikurudishe nyumbani ukiwa ndani ya sanduku. Tarehe nimeiandika juu kabisa kwa makusudi. Wewe ulikuwa mtu wa kesho. Mimi nataka uone kwamba kuna siku zinazofika.

Sikuulizi hali. Wala sikuandikii kwa sababu nimekukosa. Watu wa kanisa wananiambia huzuni ikimzidi mtu aandike, na nimekubali kuandika, lakini kilichonijaa si huzuni. Ni hasira. Nikiamka iko, nikila iko, nikibeba karai iko. Sasa nimeamua nikupe mwenyewe, uibebe huko uliko.

Nimekaa ghorofa ya tatu ya lile jengo la Kamakis. Nyapara Kamau ameniacha nilinde saiti kwa vile leo hakuna kazi. Naandika kwenye karatasi ya mfuko wa simiti, ile ya katikati ambayo vumbi haliifikii. Moshi wa nyama choma unapanda kutoka barabarani mpaka hapa, na watu wa Jumapili wanashuka kwenye magari yao wakiwa na viatu visafi. Ukuta ulio mbele yangu ni wako. Uliupiga plasta mwezi wa pili, ukikohoa. Umenyooka, siwezi kusema uongo. Kuta za watu ulikuwa unazinyoosha.

Hebu nikukumbushe yalivyokuwa, maana ulikuwa na tabia ya kusahau unachotaka.

Kwetu Ugenya mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Hilo halikutungwa na wewe wala mimi. Mkubwa akishasimamisha nyumba yake katika boma la baba, hata iwe ya udongo, hata iwe chumba kimoja, basi mdogo naye ana njia. Asiposimamisha, mdogo anangoja. Kile kibanda chako cha ujana kilianguka ukiwa Thika, ukasema utakijenga tena. Hukukijenga. Mimi nikaoa Atieno na sikuwa na mahali pa kumweka. Mke halali katika nyumba ya mama mkwe wake, hilo pia unalijua. Nikampangia chumba kule senta, nyuma ya mashine ya kusaga unga, na hapo ndipo watoto wangu wote wawili walipozaliwa. Kutoka mlangoni pake anaona miti ya boma letu. Mwanamke aliyeolewa, mwenye kwao, anapanga chumba mahali anaposikia jogoo wa mama mkwe wake akiwika. Wanawake wa mtoni wanamwita mpangaji wa Okoth. Huwa anacheka nao. Halafu ananipigia simu, nasikia anapumua tu.

Wewe ndiye uliyeniita. Ulisema nije Thika, kuna mjengo kila mahali, na wewe ukiwa fundi utanichukua niwe mtu wako wa mkono. Ukasema tukifanya kazi wawili utasimamisha nyumba yako upesi, nami nifuate. Mimi ni mtu wa kidato cha pili, sikuwa na mahali pengine pa kuitwa. Nikaja. Tukaishi mtaa wa Landless, chumba kimoja, kitanda chako, godoro langu sakafuni. Asubuhi tunakuja Ruiru, jioni tunarudi Thika. Nikakuchanganyia simiti, nikakupandishia karai, nikakushikia kamba ya timazi huku wewe umefumba jicho moja. Nyumba za watu zikaota kando ya barabara kuu kama uyoga, na boma letu likabaki na nyumba ya Mama peke yake.

Halafu ukaanza Kihispania.

Bado sijui nani alikuingiza. Nadhani ni yule kijana wa kupiga rangi, aliyesema binamu yake anachuma nyanya Uhispania ndani ya mahema makubwa ya nailoni. Wiki ile ile ulienda kwa Mwalimu Wairimu, pale Ruiru mjini juu ya duka la dawa za mifugo, darasa la Jumamosi alasiri. Ukarudi na neno moja, umelishika kama mtu aliyeokota saa barabarani. Hacer. Ukanieleza kwamba herufi ya kwanza haisomwi, na kwamba Wahispania wanalitumia mchana kutwa. Kufanya kazi, kutengeneza chai, kujenga, hata jua likiwaka wanalitumia hilo hilo. Mwalimu alikuwa amewafundisha namna ya kulitumia kwa mambo yajayo. Haré, nitafanya. Harás, utafanya. Hará, atafanya. Haremos, tutafanya. Yale mawili ya mwisho uliyaimba pia, haréis, harán, mtafanya na watafanya, lakini hayo hayakuwa na kazi kwetu. Tulikuwa wawili tu chumbani.

Wenzako darasani wakaendelea. Walijifunza kuhesabu, kuuliza njia, kumwambia daktari mgongo unauma. Wewe ulibaki na hilo moja na mambo yake yajayo. Uliliandika kwa penseli ya fundi kwenye mabati ya chumba chetu, juu ya mahali nilipokuwa nalaza kichwa. Uliliandika kwa ncha ya mwiko kwenye plasta mbichi, kisha ukapitisha ubao juu yake likazama. Kuna watu hapa Kamakis wametundika televisheni ukutani, na chini ya rangi yao ukuta unasema nitafanya, utafanya, atafanya.

Mvua ikituzuia kazi ulikuwa unasimama chini ya slabu na kutangaza, "Mañana hará sol." Kesho kutakuwa na jua. Vijana wa saiti wakakuita Mspania. Kamau akipita chini anauliza kwa sauti, "Mspania, huo ukuta utaisha leo ama utaishia Ulaya?" Nawe unamjibu bila kugeuka, "Lo haré mañana, bosi." Nitaufanya kesho. Watu wanacheka, Kamau mwenyewe anacheka, kwa sababu walijua ukuta utaisha jioni ile ile. Na mimi nilicheka. Kwa Kamau lilikuwa neno la mzaha. Kwangu mimi ndilo lilikuwa jibu lako la kweli, na sikulitambua mapema.

Nakumbuka Jumapili moja ya Chania, na inaniuma kwa sababu ilikuwa siku nzuri. Tulitembea kwa miguu kutoka Landless mpaka kwenye maporomoko, tukasimama upande ambao mtu halipi. Karibu na ua wa ile hoteli ya zamani kulikuwa na wazungu wawili, mume na mke, wanapiga picha maji. Ukapangusa viatu kwa nyasi, ukawasogelea, ukawauliza kama bwana mkubwa, "¿Qué haréis mañana?" Mtafanya nini kesho. Bahati mbaya walikuwa Wahispania kweli. Yule mama alifurahi mpaka akakushika mkono. Wakakujibu wote wawili kwa pamoja, haraka haraka, wakionyesha mlima, wakionyesha tumbo, wakionyesha gari lao. Wewe ukatikisa kichwa muda wote kama mzee wa baraza. Walipoondoka nikakuuliza wamesema nini. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Wamesema watafanya mambo."

Tulicheka mpaka mlinzi wa hoteli akaja kutuangalia. Siku hiyo nilikupenda sana. Nataka hilo nalo liandikwe, ili usiende kusema huko kwamba nilikuchukia tangu mwanzo.

Lakini ujue pia nilichokuwa nafanya mimi wakati wewe unaimba. Nilikuwa naokota nyumba yangu polepole. Kila nikienda nyumbani nilipeleka kitu. Mara mabati, yale mazito yasiyopiga kelele mvua ikianza. Mara mbao. Mara misumari ya kofia ndani ya kopo la maziwa. Nikaviweka nyuma ya ghala la Mama, juu ya mawe ili mchwa wasivifikie, nikavifunika kwa nailoni. Atieno alikuwa anatoka senta na kuja kuviangalia. Anainua nailoni, anaangalia, anairudisha, anakwenda zake. Hicho ndicho alichokuwa nacho badala ya nyumba. Aliniambia katika simu kwamba amekwisha kujua kitanda kitakaa upande gani.

Nilikuomba, Okoth. Sikukuomba jumba. Nilikuambia, omera, ndugu yangu, simamisha kibanda tu, miti na udongo, nipate njia. Wewe fundi, hiyo ni kazi ya siku chache, ukitaka nikufanyie mimi mwenyewe. Ukanishika bega ukaniambia, "Haremos, Odhis. Tutafanya." Yako ulitaka iwe ya mawe, yenye baraza lenye matao uliyoyaona kwenye simu. Ulisema mkubwa hawezi kuingia katika boma la baba yake kwa kibanda cha udongo.

Basi uliingia kwa kibanda. Uliingia umebebwa.

Kikohozi kilianza Januari. Nilisema nenda hospitali. Ukanijibu kwa lugha yako. Mwalimu Wairimu alikutoa darasani, akakuambia usirudi kabla ya kupimwa kifua, ukamwahidi kwa lugha yake mwenyewe kwamba utafanya, na yeye, mtu aliyekufundisha neno hilo, akaliamini. Nilipokubeba mwishowe daktari alisema mapafu yamejaa, akaniuliza tulikuwa tunangoja nini. Nilisimama pale nimeshika viatu vyako. Hakuna mtu pale aliyekosea. Walikufanyia yote waliyoweza. Ulikaa siku chache, ukiniangalia kama mtu aliyeshangaa kwamba kesho imemwishia. Kihispania hukukisema tena hata mara moja. Uliomba maji kwa lugha ya Mama, kama ulipokuwa mtoto.

Nikampigia Jaduong' Owiti, ndugu ya Baba, ambaye ndiye anayesimama mahali pa Baba tangu tumzike. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, kama umeacha nyumba yoyote popote bomani, hata ukuta. Nikasema hapana. Akasema basi itabidi ijengwe kabla sanduku halijafika, kwa sababu mwanamume mzima hazikwi katika boma la baba yake akitokea uwanjani kama mgeni. Lazima awe na mlango wake wa kutokea. Nilijua hilo. Sote tunalijua. Nilichokuwa sijui ni wataijenga kwa kitu gani.

Tulifika na wewe Ijumaa asubuhi, gari limejaa vumbi. Nikashuka. Nikaona nguzo zimesimamishwa upande wako wa boma, na Onyango, mtoto wa Mama Mdogo, yuko juu na nyundo. Nikaona nailoni yangu imetupwa kando. Mabati yangu yalikuwa yamelala kwenye nyasi, na mbao zangu zilikuwa zimekwisha kukatwa. Hakuna aliyenipigia simu. Nikamwangalia Mama. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, na mbele ya watu wote akaniambia, "Odhiambo, leo hakuna chako na chake."

Wewe uko juu ya gari, jua linapanda.

Atieno alikuwa amesimama na wanawake wa kupika. Aliangalia mabati, akaniangalia, akarudi kukatakata sukuma wiki. Sijawahi kuona mtu akikata mboga kwa utaratibu namna ile.

Sasa sikiliza mkono wangu ulivyonisaliti. Onyango alikuwa anaiweka kombo. Bati linapanda huku linashuka kule, msumari hapa, msumari kule, kama mtu anayefunika kuku. Ilikuwa ni nyumba ya kupumzisha sanduku, inatosha ikisimama siku mbili. Lakini mimi nimeshika timazi miaka mitano, na mabati yalikuwa yangu. Sikuweza kuyaona yakiharibiwa. Nikamwambia Onyango ashuke. Nikapanda mwenyewe. Nikang'oa alichopiga, nikaanza upya. Jaduong' Owiti alisimama chini akaniambia taratibu nisikaze sana, hii ni nyumba ya kuanguka, ya marehemu huachwa ianguke yenyewe. Sikumsikia. Kila msumari nilikuwa nakupigia wewe. Nikaupitisha, nikaikunja ncha kwa ndani, nikaenda kwa mwingine. Mpaka jioni nyumba yako ilikuwa imenyooka kuliko ya chifu.

Ukalala humo usiku mmoja. Jumamosi tukakutoa kwa mlango wako, na wewe ukaenda.

Nyumba haikuenda. Masika yalipiga, haikuvuja. Upepo wa Aprili uliezua vyoo vya shule ya msingi, ukaipita yako. Vibanda vya marehemu wengine pale kijijini huinama mwaka wa kwanza, na kufikia wa pili mbuzi wanapita juu yavyo. Chako kinang'aa mpaka senta. Atieno anakiona kutoka mlangoni.

Na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Wanasema anayebomoa nyumba ya marehemu anajitafutia chira, ile laana inayomkausha mtu na watoto wake mpaka wanabaki ngozi. Mama anafagia humo kila asubuhi. Ametundika shati lako la buluu kwenye msumari wangu. Anaanika maharagwe mlangoni, na akitumwa mtu kuyachukua anamwambia nenda kwa Okoth. Anasema unamjia ndotoni, umekaa mlangoni hapo, kimya, umeshiba. Mwezi wa sita nilimwambia kwa simu kwamba nataka mabati yangu. Akasema, "Unataka kumvua ndugu yako nguo?"

Huo ndio urithi ulioniachia. Zamani nilikuwa na mabati bila ruhusa. Sasa mkubwa ana nyumba, kwa hiyo ruhusa ninayo, na mabati yako juu yako. Ulikuwa mbele yangu ukiwa hai, na sasa uko mbele yangu umelala.

Atieno hakupiga kelele. Aliniambia, "Nilipanga senta kwa sababu ya shemeji akiwa hai. Sitapanga kwa sababu yake akiwa amekufa. Jenga, ama uniambie nirudi kwetu." Nilijua hanitishi bure. Dada yake alikuwa ameshakuja kuangalia vitu vitakavyobebwa.

Agosti, Mwalimu Wairimu alikuja saiti. Alivuka mchanga ameinua sketi, vijana wakampigia mluzi, akawajibu kwa Kikuyu kitu kilichowafanya washike kazi. Alinipa pole ya msiba wako. Ni mtu mzuri, sina neno naye. Kisha akaniambia kundi la kuchuma nyanya Uhispania linaondoka mwanzoni mwa mwaka, kiti chako darasani kiko wazi, na wewe ulikuwa umemwambia kwamba mdogo wako analijua lile neno kuliko wewe kwa kulisikia. Akasema nikienda miaka miwili nitarudi na nyumba tatu.

Nilienda, Okoth. Jumamosi iliyofuata nilioga, nikavaa, nikapanda ngazi zile juu ya duka la dawa za mifugo. Nilitaka kuona ulikuwa unakimbilia nini. Ni chumba kidogo, viti vya plastiki, harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe inapanda kutoka chini. Kuna dada anayetunza wazee, kuna vijana wawili wa kuosha magari, kuna baba mmoja mwenye mvi anayeandika kila kitu. Walikuwa wanasimama mmoja mmoja kusema watafanya nini wakifika. Mmoja atafanya kazi. Mmoja atafanya marafiki, wakamcheka. Ikafika zamu yangu. Mwalimu akaniuliza, "Odhiambo, ¿qué harás?"

Nilisimama. Neno lenyewe nililijua, nimelala chini yake miaka miwili. Lakini nilipofungua mdomo yakanipanda mambo yote uliyoniambia kwalo. Nyumba utakayofanya. Hospitali utakayofanya. Tutafanya, Odhis, mkono begani. Nikahisi kwamba nikilitamka hivi hivi tu nitakuwa wewe. Nitakaa kiti hiki, nitavaa mdomo wako, na Atieno atangoja wa pili baada ya kumngoja wa kwanza.

Nikasema, "Haré una casa." Nitajenga nyumba. Mwalimu akafurahi, akaniuliza wapi, Madrid ama Barcelona. Nikamwambia Ugenya.

Darasa zima likacheka, na yule baba mwenye mvi akacheka kuliko wote. Mwalimu alingoja watulie, akaacha Kihispania. Akasema, "Kwa hiyo wewe huendi." Nikasema siendi. Akasema, "Basi wewe si wa hapa. Nenda ukajenge." Alinipa mkono. Nikachukua kofia yangu nikashuka.

Kutoka pale nilimpigia Jaduong' Owiti nikiwa nimesimama kando ya barabara. Sikuzunguka. Nilimwambia nakuja kuezua nyumba yako, chira au hakuna chira, na kama wazee wanataka kunikataza wanikataze sasa hivi. Nilikuwa tayari kutukanwa. Alikohoa, nikamsikia anamfukuza ndama. Kisha akaniuliza nitakuachia nini juu ya kuta. Nikasema sijafikiria. Nitakuachia mbingu.

"Hapo ndipo utakuwa umemnyang'anya," akasema. "Mwekee nyasi. Nyasi itaoza, nyumba itaanguka yenyewe kama inavyotakiwa, na hakuna atakayesema ulimbomolea." Akaongeza, "Na safari hii, nyathina, usipige misumari kama mtu anayeua nyoka. Mimi nilikuwa nakuona siku ile."

Aliniita nyathina, mwanangu. Nililia hapo barabarani kama mjinga, watu wanapita na mikate yao.

Yeye ndiye aliyeongea na Mama. Mama hajakubali. Amesema hatanizuia na hataangalia. Shati atalihamisha mwenyewe, hataki nilishike. Na liwe hivyo. Siwezi kubeba hasira yangu na ya Mama pia.

Habari nyingine za huku ni chache. Mahali pako Kamau ameweka fundi kutoka Murang'a, kijana mpole, anamaliza ukuta na haimbi. Chumba cha Landless nimekiacha, sasa nalala hapa saiti na walinzi, na maandishi yako yalibaki pale kwenye mabati. Mpangaji aliyeingia aliniuliza ni maombi ya dini gani.

Nimechoka, Okoth. Mabega yananiuma na nina miaka thelathini na nne. Nimejenga Ruiru mpaka siitambui.

Sasa nakuaga. Sikusamehi leo. Labda siku nitakayokuwa na mlango wangu wa kufunga, niko ndani, mvua inanyesha na Atieno ananiambia nisogeze kiti, labda siku hiyo nitakukumbuka vizuri. Lakini hilo sikuahidi, kwa sababu sijui kama nitalifanya. Endelea kumtokea Mama kama unataka, anafurahi. Kwangu usije. Kwa watoto wangu usiguse mlango.

Nakuahidi mawili tu. La kwanza, sitakuacha kichwa wazi hata kwa usiku mmoja. Bati likitoka asubuhi, nyasi itapanda jioni. La pili, nitakapopanda huko sitakutukana. Nitafanya kazi kama mtu wa kazi. Nyasi Atieno ameshaikata mwenyewe kule mtoni, mbele ya wale wanawake, na sasa inakauka nyuma ya mashine ya unga. Aliniambia wamemuuliza ni ya nini, akawaambia ni ya shemeji.

Saiti inafungwa Ijumaa, tarehe kumi na nane Desemba. Jumamosi jioni nitakuwa nyumbani. Jumapili nitampeleka Mama kanisani. Jumatatu, kabla jua halijayachoma mabati, nitaegemeza ngazi kwenye ukuta wako.

Odhiambo